Mluzi wa Kipa

Nilikuwa nyuma ya goli. Hilo nimelisema tangu miaka ya tisini, na ningelisema mpaka leo kama ingebidi. Mimi si mtu wa kuchoka haraka, waulize wanaonijua.

Timu yetu ya Kitengela ilikuwa ya vijana wa viwandani Athi River, wachinjaji wa soko la nyama, na walimu wawili watatu. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi kando ya kiwanja, na kwa vile sikukosa Jumamosi hata moja, walinipa kazi ya ndoo ya maji na sifongo. Nilikaa nyuma ya goli letu kwa sababu kipa ndiye aliyekuwa akiumia zaidi. Kiwanja hakikuwa na ua siku hizo. Mbuzi walipita wakienda kunywa maji, na walikuwa wameizoea neti yetu ya kamba ya katani, wakipata nafasi wanaitafuna kama majani.

Kipa mwenyewe alikuwa mtoto wa Mkamba aliyekuja kutafuta kibarua kwa Wamasai, na alikua akichunga mifugo ya watu. Alijua Kimaa kuliko lugha ya mama yake. Alikuwa na mluzi wa vidole viwili mdomoni, mkali, wa kugeuza kundi zima kutoka mbali.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa sisi na timu ya kutoka Kajiado mjini. Sare tu ingetupandisha daraja, na sare tulikuwa nayo mkononi. Saa ya refa ilikuwa inaelekea mwisho. Mshambulizi wao alikuwa anakuja na mpira, beki wetu wa kati amemkabili vizuri kabisa, na watu wote macho yao yako hapo. Mimi nikasikia kengele nyuma yangu. Mbuzi walikuwa wamefika, na mmoja tayari alikuwa ameuma neti na kuanza kuivuta.

Kipa naye aliisikia ile kengele. Mtu aliyelelewa mjini asingejali, angeacha neti iliwe. Yeye mkono ulienda mdomoni wenyewe, akapiga mluzi. Mbuzi walitimka. Na mabeki wetu, wote, wakasimama. Walidhani refa amepiga filimbi. Beki wa kati alinyoosha mkono juu kudai kuotea. Yule mshambulizi alisita kidogo, akamwangalia refa, akaona refa hana habari, akatia mpira wavuni.

Kabla vumbi halijatulia, beki wa kati alikuwa ameshika jezi ya kipa kifuani.

"Umeuza mechi," akamwambia mbele ya watu wote. "Umetupigia filimbi tusimame."

"Nilikuwa nafukuza mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Wakatazama. Mbuzi walikuwa wameshaishia kwenye miti ya migunga. Nikasema mimi, kwa sauti, kwamba nilikuwa hapo na niliwaona, na nikaonyesha neti ilipotafunwa. Wakaniambia neti imetafunwa mwaka mzima. Mmoja akacheka akasema namtetea kwa sababu namtaka. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili na mtoto wetu mabegani. Sijawahi kukasirika vile, kabla wala baada. Niliwamwagia ile ndoo ya maji miguuni nikaenda zangu.

Neno lile la kuuza mechi lilimshika kipa. Kanisani watu walikaa mbali naye. Kiwandani walimpigia miluzi akipita. Mama yake alianza kwenda sokoni asubuhi sana ili asikutane na watu. Kabla ya mwaka kuisha walihama wote wawili, wakaenda Entarara, karibu na Loitokitok, ambako mjomba wake alikuwa na shamba. Alinipitia kuniaga. Hakulalamika. Alisema tu, "Dada, wewe uliona." Nikamwambia niliona, na kwamba wote watakuja kusema hivyo. Hilo nililisema kwa hasira, lakini nilikuwa nimeshalisema.

Timu yenyewe haikudumu. Kiwanda kikapunguza watu, wengine wakafuata kazi kwingine. Nami nikaanza kuwafuatilia. Watu walidhani napenda mpira sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejenga kibanda changu cha chai karibu na stendi, na kila aliyewahi kuvaa ile jezi alipitia hapo siku moja. Nikajua winga wetu amekuwa fundi wa mawe, anajenga nyumba za watu Nkoroi. Nikajua aliyekuwa mfungaji wetu ameingia polisi, amenenepa, na hawezi kukimbia hata kufikia mlango wa lori. Mwingine alikuwa mchungaji wa kanisa la mabati. Mwingine alifungua bucha. Kila mmoja nilimpa chai, nikamwacha anywe nusu, kisha nikamuuliza: ule mluzi unaukumbuka?

"Mama, hiyo ni ya kitambo," fundi wa mawe aliniambia.

"Kwako ni ya kitambo. Kuna mtu anaamka nayo kila siku."

Mchungaji aliniambia nisamehe. Nikamwambia mimi sijakosewa, na kama ana msamaha wa ziada aupeleke Entarara. Tangu siku hiyo alikuwa akinunua chai kwa jirani yangu. Niliwaudhi wengi, najua, na mume wangu aliniambia nitafukuza wateja. Lakini beki wa kati ndiye niliyemtaka hasa, kwa sababu neno lilitoka mdomoni mwake. Yeye alikuwa amehamishiwa Kajiado, anafundisha shule ya msingi, na wikendi alikuwa anachezesha mechi. Amekuwa refa. Nilipoisikia hiyo habari nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Nilimfuata Kajiado mara kadhaa. Alinipokea kwa heshima, akaniambia kila mtu alisikia alichosikia, akarudi darasani. Nilikuwa nimeanza kufikiri nitazeeka na jambo hili.

Halafu Jumapili moja, miaka ya elfu mbili imeshaingia, aliteremka pale stendi akiwa na mfuko wa vifaa vyake vya urefa. Alikaa kwenye benchi langu bila kuagiza kitu.

"Mama, jana nilikuwa na mechi pale karibu na soko la ng'ombe," akasema. "Kijana mmoja anapitisha mbuzi zake nyuma ya goli. Akapiga mluzi. Wachezaji wote wakasimama, wakaniangalia."

"Na filimbi yako?"

"Nilikuwa nayo mkononi. Haikugusa mdomo." Akauweka mfuko chini. "Nilisimama hapo kama mjinga. Niliwaona, vile walisimama. Ni vile mimi nilisimama."

Nilimmiminia chai. Akaanza kuniomba msamaha na nikamkatiza. Nilimwambia mimi si kipa.

Tulikwenda Entarara wiki hiyo hiyo. Kipa alikuwa shambani, anafungua mfereji kuingiza maji kwenye nyanya, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa na mvi. Katikati ya nyanya alikuwa amesimamisha mti wa kutisha ndege, na ule mti ulivaa jezi ya kipa, ya kijani, namba moja mgongoni imepauka kwa jua. Beki aliitazama ile jezi.

"Sopa," kipa akatusalimu kwa Kimaa, kama aliyetuona jana.

"Ipa," tukaitikia.

Beki akasema yote. Alisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kipa alimsikiliza huku akiendelea na jembe, maji yakifuata mkondo wake.

"Hapa kuna nani wa kusikia?" akauliza alipomaliza. "Nyanya? Uliniita mwizi kwa kiwanja, watu wamejaa. Mama yangu alikufa akiitwa mama ya mtu aliuza mechi. Sitaki hiyo sorry ya shambani."

Beki alinitazama. Nikamwambia amesikia, na mimi nimesikia.

Kuwakusanya ilikuwa kazi yangu, na hiyo niliijua kuliko chai, maana nilikuwa najua kila mmoja alipo. Fundi alitoka Nkoroi, polisi akaomba ruhusa, wa bucha akafunga mapema. Hata mchungaji alikuja. Kiwanja kilikuwa kimeliwa na ploti upande mmoja, na pale mbuzi walikokuwa wanatokea palikuwa na ghorofa ambalo halijaisha. Lakini magoli yalikuwepo, na watu wa Kitengela walijaa, wazee waliokuwepo siku ile na vijana ambao hawakujua wamekuja kuona nini. Kipa alikuja na jezi yake. Alikuwa ameivua kwenye mti na kuifua.

Beki alisimama katikati ya kiwanja. "Huyu hakuuza mechi," akasema kwa sauti ya darasani. "Alifukuza mbuzi. Mimi ndiye nilisimama kabla ya filimbi, na nikaona aibu, na hiyo aibu nikamwekea yeye."

Kipa aliitikia kwa kichwa. Nikadhani imekwisha, nikainama kuchukua ndoo ya maji niliyokuja nayo kama zamani.

"Bado moja," kipa akasema. "Huyu dada aliwaambia siku hiyo hiyo. Mkamcheka. Mwambieni kama alidanganya."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka yote nilijua ninachomtafutia mwenzangu, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kama na mimi kuna ninachodai. Beki alinigeukia. Wengine nao walinigeukia, mmoja baada ya mwingine, na yule aliyecheka siku ile alikuwa ndiye wa kwanza kusema sikudanganya. Nililia palepale, na sioni haya kusema.

Kisha tukagawanyika wazee na vijana, mpira ukaanza. Nilikwenda kukaa mahali pangu, nyuma ya goli. Vijana walitukimbiza vibaya. Mwishoni mmoja wao alikuja na mpira moja kwa moja, beki wetu amemkabili, anahema. Kipa akatia vidole viwili mdomoni. Hakukuwa na mbuzi hata mmoja. Mluzi ukapita kiwanja chote, vijana wakasita, na beki hakusimama. Aliufuata mpira, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukaenda kuangukia kwenye lile ghorofa.