Ini la Mzee wa Kanisa

Kutoka Lodwar hadi Gesima nilitumia siku tatu. Siku ya kwanza nilipanda lori la samaki wakavu hadi Kitale, nimeketi juu ya magunia. Ya pili nililala Eldoret kwa mtu niliyewahi kuchimba naye mitaro ya mabomba. Ya tatu nikashuka Keroka mvua ikinyesha, nikanunua mikate miwili mikubwa na kilo moja ya sukari, kwa sababu kwetu mtu aliyepotea miaka sita haingii bomani mikono mitupu. Nikapanda mlima kwa miguu katikati ya mashamba ya chai. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, sina mke, sina shamba, na kila kichaka cha utotoni nilikijua.

Aliyeniita ni shemeji yangu. Alisema kwenye simu kwamba mume wake, mdogo wangu, amekonda, anaharisha kila siku, na vipimo vya damu vimeonyesha ini linaumia. "Njoo umwone," alisema, "ungali unaweza."

Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani. Alitunza chai ya baba, akamzika baba wakati mimi sijulikani niliko, na kabla hajafika arobaini Waadventista wa kwetu wakamchagua mzee wa kanisa. Nilikuta mtu mwenye mabega kama ya kijana wa shule.

"Umetuletea samaki?" aliuliza, akininusa koti.

"Nimeleta harufu tu. Samaki walishuka Kitale."

Alicheka akashika mbavu. Shemeji alikata mkate, naye akala vipande vinne na chai, kwa heshima yangu. Tangu siku hiyo, kila nilipoenda Keroka nilirudi na mkate. "Kula upate nguvu," nilimwambia, naye akala.

Huko nilikotanga, kwenye machimbo ya mawe na kambi za barabara, ini lilikuwa na maana moja. Nimezika marafiki watatu kwa ajili ya chang'aa, ile pombe kali ya magendo, na mimi mwenyewe niliiacha baada ya kuogopa. Daktari wa kwanza alikuwa amemuuliza mdogo wangu kama anakunywa. Alipokataa, daktari akatabasamu na kuandika. Kule kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu nao walikuwa na yao. "Mzee anaitunza Sabato," mmoja alisema nikimsikia, "na siku sita zilizobaki zinamtunza yeye."

Nilipaswa kukasirika. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, mtoto mbaya wa nyumba ile hakuwa mimi. Haya ni maneno magumu kuandika, lakini nisipoyaandika, mengine hayataeleweka.

Ikafika Sabato ya meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate na divai isiyo na kileo, wanaume hutoka wawili wawili wakaoshana miguu kwa karai na taulo. Mdogo wangu alinichagua mimi. Aliniosha kwanza. Nilipopiga magoti kumwosha yeye, niliona miguu imevimba. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Miguu ya namna hiyo niliijua kutoka kambini. Tuliporudi ndani, sinia la mkate likampita bila yeye kugusa, na safu nzima ikaona. Kwetu anayeuacha mkate ule anajua dhambi yake.

Nilimwuliza njiani.

"Mkate unanifurisha tumbo," alisema. "Siku hizi hata kile kipande kidogo."

"Mkate wa Bwana ukufurishe tumbo wewe, mzee wa kanisa?"

"Nakwambia jinsi nilivyo."

"Na chang'aa haikufurishi?"

Alisimama. "Momura ominto," alisema, yaani ndugu yangu, kwa sauti ya chini kabisa. "Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo?"

Jumatatu nilienda kwa mchungaji. Nilimweleza habari ya ini, miguu na mkate. Akasema hayo si ushahidi. Ndipo nikamwambia nimesikia harufu ya pombe kwake, mara mbili, asubuhi. Sikuwa nimesikia kitu. Baraza la kanisa likakaa, na mdogo wangu akavuliwa uzee. Akawa anaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, ili akibanwa na tumbo atoke bila kusumbua watu.

Miezi miwili baadaye alizidiwa, tukampeleka Kisii mjini. Daktari, mama wa makamo, alimwuliza juu ya chakula kuliko mambo mengine yote. Akatoa damu, kisha akapitisha kamera mdomoni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Majibu yalipotoka alituita sote watatu.

"Ni ugonjwa wa siliaki," alisema. "Akila ngano, mwili wake unajipiga wenyewe. Utumbo umechakaa, chakula hakishiki, na ini nalo linaumizwa humo humo."

"Si pombe?" nikauliza mimi.

"Pombe gani?"

Akaendelea: aache mkate, chapati, mandazi, biskuti, chochote chenye ngano, maisha yake yote. Akifuata, ini kwa kawaida hutulia.

"Sasa atakula nini?" shemeji aliuliza.

"Ugali wa wimbi, wa mahindi. Ndizi, viazi, mboga."

"Hicho ni chakula cha nyanya yake."

"Basi ale na nyanya yake."

Mdogo wangu alicheka, akashika mbavu. Mimi nilikuwa nahesabu mikate.

Baada ya miezi sita uvimbe wa miguu ulishuka, mashavu yakarudi, na vipimo vya ini vikakaribia kuwa vya kawaida. Alipeleka karatasi za hospitali kwa mchungaji. Mchungaji alizisoma akamshukuru Mungu, kisha akasema ugonjwa ni jambo moja na ile harufu ni lingine, kwa kuwa ilisemwa na ndugu yake wa tumbo moja. Mdogo wangu alinijia zizini nikikata nyasi za ng'ombe. Hakupandisha sauti.

"Hospitali imemaliza kazi yake," alisema. "Iliyobaki ni yako. Sabato hii simama, useme neno moja tu."

Nilisema nitasimama. Siku nne nililifanyia mazoezi neno hilo nikitembea migombani, na kila mara niliuona uso wa mchungaji, na nyuso za wale wa kituo cha chai, wakigeuka kunitazama.

Ijumaa mchana shemeji alikuwa jikoni akipika vyakula vya Sabato, jua lisije likazama hajamaliza. Nilimwambia naenda Keroka kununua sabuni. Mdogo wangu alikuwa kando ya njia akichuma chai, kikapu mgongoni, mzima kama zamani. Aliacha kuchuma.

"Kesho asubuhi utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo."

"Haya," alisema, akarudi kwenye majani yake.

Nilishuka mlima haraka kama mtu anayefukuzwa, nauli ya Lodwar mfukoni, na nyuma yangu hakukuwa na mtu.