Samaki Aliyevuka kwa Jirani

Juzi nimeingia duka moja hapa Mpanda mjini, nikakuta matangi mawili ya vioo yamewekwa kando kando, na bomba la plastiki linaloonyesha ndani limepinda juu kuyaunganisha. Samaki wanapanda, wanapita juu kwa juu, wanashukia upande wa pili. Mwenye duka akaniuliza nacheka nini. Ningeanzia wapi, rafiki yangu?

Daraja hilo sisi tulishalijenga kwetu Misunkumilo, miaka ya tisini, mimi na binti wa jirani. Tulikuwa tumekamata samaki wawili, wadogo kama mbegu za boga, kwenye mfereji wa majaruba ya mpunga kule Kakese. Tulirudi tunanuka tope mpaka bibi akatuzuia mlangoni. Kila mmoja akamweka wake kwenye chupa kubwa ya pipi tuliyoomba dukani. Wangu akagoma kula. Nikampa pumba, nikampa ubwabwa, wapi! "Upweke huo," bibi akasema huku anapepeta mchele. "Hata kuku wa peke yake hanenepi."

Nikamwomba mwenzangu anipe wake, wasije wakafa.

"Nikupe kwani nimemchoka? Lete wako!"

Na mimi sikutaka. Mwisho tukakubaliana: wachague wenyewe, na samaki atakayehama, mwenyewe asimdai.

Fundi mwashi wa jirani alituazima ule mpira wake unaoonyesha maji ndani, wa kupimia usawa wa ukuta. Tukauzamisha kwenye beseni mpaka hewa ikaisha, tukaziba ncha kwa vidole gumba, tukaingiza moja huku, moja kule. Ila mimi chupa yangu niliipandisha kwenye kigoda. "Ya kwangu ghorofa!" Basi maji yangu yote yakakimbilia kwake, yakafurika, samaki wangu akabaki anapapatika kwenye tope la pumba. Nikapiga yowe. Fundi akaja mbio, akachomoa mpira, akacheka.

"Nyie, maji hayajui bosi. Wekeni chini zote."

Tukajaza upya, tukalala kifudifudi pale uwanjani kuwatazama. Harufu ya maharage ilituita, hakuna aliyeinuka. Wangu akanusa ncha ya mpira, akarudi, akanusa tena. Halafu akapanda, huyooo, akashukia kwa mwenzake. Haikupita muda akadonoa ubwabwa.

"Unalia?" mwenzangu akauliza.

"Si anakula!" nikamjibu.

Leo uwanja ule umekatwa na ukuta, na mfereji wetu umejengwa nyumba. Lakini naikumbuka asubuhi iliyofuata, mpira bado upo, mimi nadondosha ubwabwa kwenye chupa yangu ya maji matupu, samaki wangu asije akaja kutembea akakuta kwetu hakujapikwa.