Fundo la Pili

Mdogo wangu Theodory alikufa vitani mwaka 1979. Barua ya jeshi ilisema tu "ajali kazini", na maneno hayo mawili yakamtosha jirani yetu Bura. "Haraka haraka haina baraka," akawa anasema kila penye pombe. "Kijana kalipuliwa na uzembe wake." Mimi, Ludovika, nilikuwa tayari kumvunjia kibuyu kichwani. Baba yetu, mzee Margwe, alinikataza. Lakini tangu siku hiyo hakwenda tena kukaa na wenzake. Alikuwa na swali moja tu: je, mwanangu alilegea?

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Nyumbani kwetu Tumati, anayeokota mawe shambani kabla ya jembe la ng'ombe hufunga nyasi pembeni. Fundo la kwanza: naokota. Fundo la pili juu yake: nimerudi kukagua, pitisha ng'ombe. Theodory alipokuwa na miaka kumi na miwili alifunga yote mawili kwa mkupuo, akaenda kucheza. Jembe likagonga jiwe, likavunjika. Baba hakumchapa. Alimwamuru aokote shamba zima upya, peke yake, mpaka jioni. Toka hapo hakufunga la pili bila kurudi kwa miguu yake. Hata alipoajiriwa kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu, wenzake walimcheka kwa ukaguzi wake, huku wakigombea kulima nyuma yake.

Vita vilipoanza, jeshi lilimchukua kwa sababu alijua mashine. Wakamfundisha uhandisi: kutengeneza madaraja na kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Miezi mitano baada ya barua ile, akaja mgeni anayechechemea, Koplo Ignasi, mtu wa Songea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na nyasi kavu zilizofungwa.

Alisema kwamba ng'ambo ya mto Kagera waliishiwa utepe mweupe wa kuonyesha njia salama, ndipo Theodory akafundisha kikosi kizima mafundo ya kwao. Mchana ule alikuwa mbele peke yake, akitegua, kombora la adui likamkuta.

"Sisi tulikuwa nyuma, watu thelathini, tumeamriwa tukimbie mbele," akasema Ignasi. "Nikayafuata mafundo, yote mawili mawili. Pale alipoangukia nikakuta moja tu, hili hapa. Nikawasimamisha watu. Ofisa alinifokea, nikakataa. Nikalala chini, nikaanza kuchokoa udongo. Hatua tatu mbele, bomu."

Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Baba aliziinamia nyasi zile, akaligusa fundo lile moja.

"Na njia? Iliisha?"

"Niliimaliza mimi, baba. Nikarudi kuikagua kwa miguu yangu. Wote thelathini tulivuka."

Baba akaniomba maji. Alizilowesha nyasi zisikatike, akafunga fundo la pili, akalikaza kwa meno. Kisha akachukua fimbo yake.

"Inuka, koplo," akasema. "Twende kwa Bura."