Siku Lori la Baba Lilipopewa Usukani Mwepesi

Mafuta ya usukani wa pawa yana harufu yake. Si ya petroli wala ya dizeli; ni tamutamu kidogo, kama sharubati iliyosahauliwa juani, na rangi yake ni nyekundu. Wiki iliyopita, katika gereji moja hapa Kawempe, kijana mmoja aliyamwaga karibu na viatu vyangu. Aliniomba radhi mara tatu, akidhani ninanyamaza kwa hasira. Kumbe nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka minane, nimekalia mto wa mama yangu ndani ya lori, naogopa kwamba baba atakufa.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi zamani, fupi, pana, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilikuwa na tabia za askari mstaafu: lilikohoa asubuhi na halikupenda kuamrishwa. Baba alileta nalo mkaa na mananasi kutoka vijijini Luweero, kwenye njia ambazo wakati wa mvua magari mengine yalizitazama tu yakageuza. Mzigo ulishushwa sokoni Kalerwe, nasi tukala. Baba aliwahi kuwa dereva wa polisi, ndiyo maana rafiki zake walimwita Afande, ingawa nyumbani amri zote zilitoka kwa mama.

Nilipokuwa na miaka hiyo minane, baba alilazwa hospitali. Sisi watoto tuliambiwa ni malaria. Aliporudi, akaanza kunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Hapa lazima mnielewe. Sisi ni Wanubi, Waislamu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimefundishwa madrasa kwamba anayekula na kunywa kwa mkono wa kushoto ni shetani. Somo hilo nililishika kwa bidii ya kuchosha watu. Niliwasahihisha ndugu zangu, nikawasahihisha wageni, nilimsahihisha hata paka. Sasa baba yangu mzazi anashika kikombe kwa kushoto mchana kweupe, mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa koti, na mama anamtazama tu! Sikuthubutu kuuliza. Nilimwombea tu, kwa siri, huku nikihesabu dhambi zake kila wakati wa chai.

Kisha nikasikia mazungumzo yasiyonihusu. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua mchele, na Amu Ramadhan, rafiki mkubwa wa baba na fundi wake wa magari, alikuwa mlangoni na mama.

"Tuliuze tu hilo lori," mama alisema. "Usukani ule hatauweza tena."

"Ukiliuza, shemeji, Afande atakaa hapa afanye nini? Ahesabu kuku? Yule atakufa. Usukani niachie mimi."

Mtoto husikia anachoweza kubeba. Mimi nilibeba hivi: usukani umeharibika, usipopona, lori litauzwa, lori likiuzwa, baba atakufa.

Jumamosi walikuja watatu. Amu Ramadhan alikuja na vyombo vyake. Jirani yetu Mkenya, Baba Akinyi, alikuja na mashine ya kuchomelea vyuma. Wa tatu alikuwa Ssalongo, Muganda baba wa mapacha, muuza spea kuukuu, aliyefika amekumbatia boksi la usukani wa pawa, chuma kizito kinachogeuza magurudumu kwa msaada wa mafuta, lililofungwa guniani kama kichwa cha ng'ombe. Lilitoka kwenye lori lililokufa likitokea Kongo.

Kabla ya kufungua hata nati moja, kila mmoja alipanda kwenye lori akajaribu usukani wa zamani. Baba Akinyi, ambaye nilishamwona akibeba geti la chuma peke yake, alishuka ameshika bega.

"Wuoi! Afande, hii kitu umekuwa ukiiendesha namna gani? Imenitoa bega!"

"Banange, jamani," Ssalongo akadakia, "na sisi tukasema ni malaria! Kumbe ni hii."

"Usukani umezeeka," Amu Ramadhan akahitimisha kama hakimu. "Hata kijana hauwezi."

Baba alikuwa amekalia kreti la soda, mkono mfukoni, akitabasamu. Mimi nikawaza: kumbe hali ni mbaya kiasi hicho.

Walifanya kazi wakitaniana chini ya lori, miguu ikiwa nje kama ya watu waliogongwa. Mama alipoleta chai, Amu Ramadhan, mtu wa sijida, mtu aliyekuwa akinikagua nilivyoshika kijiko, alikaa karibu na baba akachukua kikombe kwa kushoto. "Kulia kuna grisi," alisema. Niliitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa nyeusi sawasawa. Basi, nikajua ugonjwa umeanza kuambukiza.

Mchana boksi jipya likawa limefungwa. Pua ya lori ikainuliwa, ikakalishwa juu ya magogo, injini ikawashwa.

"Aingie Zainabu," Amu Ramadhan alisema. "Akiuweza yeye, kazi imekwisha."

Mama alinikalisha juu ya mto. Niliugusa usukani kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

"Kulia!"

Nikageuza. Ulikwenda kwa vidole, laini kama samli. Furaha ikanijaa. Amu Ramadhan akapaza sauti kutoka kwenye magurudumu.

"Zainabu, tumesema kulia!"

"Ndiyo kulia, Amu!"

"Mbona inaenda kushoto?"

"Mmemsomesha bure huyu," Ssalongo akasema. "Hajui mkono wake."

Mnaweza kunitukana mengi, lakini si hilo. Nilitoa mkono dirishani nikaupunga hadharani. "Wa kulia ni huu! Huu ninaoshikia kalamu!"

Wakaniambia nigeuze tena, polepole. Vichwa vitatu viliinama kwenye gurudumu. Niligeuza kulia, magurudumu yakatazama kushoto. Sababu ilikuwa ya kifundi: Kongo usukani uko upande wa kushoto wa gari, na ili boksi likae kwenye lori letu, walikuwa wamelipindua. Likapinduka na kazi yake. Lakini mimi nilikuwa na maelezo yangu. Lori nalo limeingia ushoto. Dhambi imefika kwenye chuma. Nikaangua kilio.

Baba aliinuka, akaja mlangoni, akanifuta machozi. "Nyamaza, mama. Wewe uko sawa. Hawa wazee ndio wamelewa chai." Akacheka, na wenzake wakacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Alinifuta kwa mkono wa kushoto, nami nikabaki nikijiuliza kama machozi nayo yanahesabiwa.

Ilibidi Baba Akinyi akate vyuma vyote alivyochomelea na kulihamishia boksi upande wa ndani wa chasisi. Walimaliza kesho yake. Baba akapanda kiti cha dereva, mimi katikati, Amu Ramadhan ukingoni, wengine wawili nyuma kwenye bodi. Ndipo mkono wa kulia ukatoka mfukoni. Baba aliuinua kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya usukani, kama unavyomlaza mtoto usiyetaka aamke.

Tulipanda kilima cha nyuma ya nyumba, njia ya udongo mwekundu yenye mtaro mrefu kandoni. Mkono wa kushoto ndio aliogeuzia usukani, kwa kiganja. Lakini gia nayo iko kushoto. Katikati ya mlima injini ikaanza kulalamika, baba akashusha mkono wa kushoto kwenye gia, na usukani ukabaki na ule wa kulia peke yake. Pua ya lori ikaanza kuuelekea mtaro. Mimi na Amu tuliviangalia vile vidole. Kwa mara ya kwanza nami nikaona havikunjiki vizuri. Vikajikunja kidogo. Usukani ukavifuata. Lori likanyooka.

"Alhamdulillahi," Amu Ramadhan alisema chini chini. Nyuma, Baba Akinyi alikuwa akiimba wimbo wa kanisani.

Lori halikuuzwa. Baba aliliendesha hadi nikafika chuo kikuu, na huko, mimi msomi, ndiko nilikojifunza neno kiharusi na kuelewa hatimaye ni malaria gani ile. Niliwaza sana juu ya watu wale watatu na lile bega la kujifanya limeteguka, wakimficha mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe. Nikadhani nimegundua siri. Nilipomweleza baba, kwa fahari ya msomi, alicheka hadi akakohoa.

"Usukani wa zamani ulikuwa mzima," alisema. "Ssalongo alimuuzia mtu wa Bombo, akautumia miaka. Nilijua tangu pale kwenye kreti."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mwanangu, mtu akikudanganya huku amelala chini ya gari lako, mwache amalize."