Mama na Diski Zinazoitika "Mimi"

Mama hajawahi kumfungulia mtu mlango kwa neno "mimi." Mimi na pacha wangu sauti zetu ni moja, kwa hiyo tangu utotoni tukibisha hodi tunaulizwa, "Mimi nani?" Usipotaja jina, utakesha hapo nje.

Kazi yake ni kuhariri video za harusi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la picha. Kompyuta ya pale ina diski mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Kila jioni, ile ya kazi hunakiliwa juu ya ile ya akiba, na kilichokuwemo hufutwa. Balaa ni kwamba kompyuta haizijui diski kwa sura. Ikiwashwa, inayoitika mapema inaitwa A, inayochelewa inaitwa B. Kesho zinaweza kubadilishana, nayo wala haioni aibu.

Mama alipogundua hilo alicheka hadi machozi. "Kumbe na yenyewe ina mapacha!" Akaipa diski ya kazi jina ndani yake yenyewe, Kazi, kisha akaiagiza kompyuta isinakili chochote kabla ya kuuliza jina.

"Mama Pacha," bosi akamtania, "sasa unabatiza hadi vyuma?"

Juzi diski ya akiba ilikufa, bosi akafunga nyingine mpya, tupu kabisa. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, Kazi, ambayo imeshazeeka, ilichelewa kuamka, na ile mpya ikawahi kujitwalia A. Ndani ya Kazi kulikuwa na harusi ambamo baba wa bibi harusi alimwombea bintiye dua, na mzee yule alikuwa ameshafariki. Nakala nyingine haikuwepo. Bosi, na haraka zake, akabonyeza kama kawaida A inakiliwe juu ya B.

Kompyuta ikagoma, ikaandika: A si Kazi.

Bosi alikaa chini, roho mkononi. Mama akavimba kichwa, na haki yake.

Bibi harusi alipokuja, akamsikia baba yake kwenye video akimwita kwa jina la utotoni. Alimkumbatia Mama wakalia wote, bosi akijifanya anatafuta waya chini ya meza.

Jioni hiyo mlango wetu ukagongwa kwa vishindo.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi!"

Pacha wangu akanikonyeza. "Mimi nani?"

"Mama Pacha!" akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Mbatizaji wa vyuma! Fungueni!"