Kifua Hakikubali Bei

Nikisikia harufu ya petroli ya taa ikichanganyika na ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanaoanikwa mchangani, kifua changu hubana kabla sijakumbuka kwa nini. Kinakumbuka chenyewe, hakinisubiri.

Ilikuwa Kalemie, wakati wa Zaire, nami msichana wa miaka kumi na moja. Jumamosi moja asubuhi, Papa akishusha vyombo kutoka mtumbwini, karabai ilimponyoka ikazama kando ya mawe, penye kina cha watu wawili waliopandana mabegani. Giza la mwezi ndiyo kwanza lilikuwa limeanza. Bila taa ile ndagala hawaji, na bila ndagala nyumba yetu ingekula sombe, kisamvu chetu, na maneno majuma mawili. Vijana wa mtumbwi walishakimbilia salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Papa mwenyewe, baada ya miaka kumi na tano ya uvuvi, hakujua kuogelea. Alikuwa akisema samaki wanajua, inatosha.

Nikasema nitaitoa mimi. Akakataa, nikambembeleza, maana hata utotoni nilijua kwamba anayesema hapana mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, ameshauza. Mama Feza, jirani yetu wa kabila la Wabembe aliyekuwa akianika ndagala pale, akanifunga kamba kiunoni na kumpa Papa ncha yake.

Mara ya kwanza nilihesabu hadi ishirini. Niliiona taa imelala ubavu kwenye tope, kisha kifua kikaanza kugonga kama mgeni mwenye haraka. Nikakiomba hesabu tano tu za nyongeza. Hakikunipa hata moja. Mara ya pili vilevile, na ya tatu. Sijakutana na muuzaji mgumu hivyo tena.

Kabwe, binamu yangu aliyejua kila kitu na kutofanya chochote, hata salongo, ndiye aliyenipa ujanja kutoka maweni alipoketi: nipumue harakaharaka kama mbuzi aliyefukuzwa, mara thelathini, kifua kitanyamaza. Nikafanya. Kichwa kikawa chepesi, vidole vikafa ganzi, nikazama.

Na kweli kilinyamaza. Ishirini ikapita, thelathini ikapita, nami sina haja na hewa ya mtu. Nikashika mshikio wa taa. Maji yalikuwa ya kijani, mazuri kutazama, na nilijiona nimeshinda.

Ninachokumbuka tena ni tumbo langu juu ya paja la Mama Feza, na ziwa zima likinitoka puani. Kumbe alikuwa akihesabu. Hesabu ilipozidi na kamba kulegea, alimwambia Papa avute. Papa alikuwa ndani ya maji mpaka kidevuni, yule asiyejua kuogelea, kamba ingali mikononi mwake.

"Karabai ikipotea tutaomba ingine," aliniambia. "Weye ukipotea, nitaomba ingine kwa nani?"

Nililia, si kwa woga, bali kwa sababu mkono wangu ulikuwa mtupu. Mama Feza akanilaza kivulini hadi ndagala walipogeuzwa upande wa pili. Nilipoinuka nikasema narudi. Papa akageuza uso. Mama Feza akanikazia tena kamba kiunoni, maana aliona kwamba nisiporuhusiwa nitakwenda bila kamba.

"Kifua ikisema toka, unatoka," alisema. "Hii haina bei, mutoto."

Basi nikaigawa kazi. Mzamo mmoja nikaondoa tope. Wa pili nikapeleka kamba nyingine, nikaukosa mshikio. Wa tatu nikaipitisha. Wa nne nikafunga fundo. Kila kifua kilipogonga, nilitii na kupanda. Papa alivuta, taa ikatoka kioo kimevunjika na tope tumboni, lakini tangi zima.

Miaka baadaye, darasani, mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba kinachogonga kifuani hasa si hewa nzuri iliyokwisha, ni hewa chafu iliyojaa kwenye damu. Mwili huipima bila kupumzika. Ikizidi, unatulazimisha kupumua. Mimi, kwa pumzi zangu za mbuzi, niliifukuza ile chafu bila kuongeza nzuri ya maana. Nzuri ikaisha kimyakimya, na wa kupiga kelele hayupo. Wenzangu waliandika. Mimi niliona maji ya kijani.

Leo mimi ni mchuuzi, kati ya Kalemie na Kigoma, na nimebishana bei na watu wa kila aina. Wanaopiga kelele hawanitishi. Lakini mtu akinyamaza ghafla na kukubali kila ninachosema, naondoa mkono juu ya mzigo, napumua polepole, kisha namwuliza kuna nini.