Kibali cha Picha na Ng'ombe wa Kibugu

Kwenye kaunta ya vibali vya picha hapa Meru, mbele yangu alikuwa mpiga picha za harusi. Karani akamwambia, "Nionyeshe picha ulizopiga hapa town, nijue kazi yako."

Jamaa akatupa jicho mlangoni. Kuzionyesha ni kukiri amekuwa akipiga bila kibali, na askari wa kaunti alisimama mlangoni akiikodolea macho kamera yake. Akafungua simu, akamwonyesha karani picha moja. Ng'ombe wa mamake, kule kwao Kibugu.

"Na bibi harusi ako wapi?"

"Madam, huyo... bado hajapatikana."

Askari akaangua kicheko. Mimi nikatoa simu yangu chapchap, nikafuta picha moja. Dakika mbili awali nilikuwa nimeipiga picha foleni yetu, kwa ajili ya safu hii.

Ndiyo maana leo mnaisoma bila picha.